Kazi ya nyumbani ya Jumanne

Leo sileti habari ya barabara wala ya usalama. Naleta habari ya daftari moja la mtoto ninayeishi naye.

Ni mtoto wa yaya yangu. Yeye na mama yake walifika kwangu wakikimbia risasi, kutoka kijiji kimoja mashariki ya Kabambare. Yaya alibaki kule na mzee wetu, ambaye miguu yake haiwezi tena safari. Mtoto tulimwandikisha mwaka wa saba. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini baada ya hapo mzazi analipa. Mama yake anauza karanga ili apate hiyo pesa.

Somo la historia liko mara moja kwa juma, Jumanne. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kisha anatoa kazi ya nyumbani. Jumanne inayofuata kila mmoja anarudisha. Asiye na kazi anabaki nje.

Siku moja jirani akaniambia: "Mtoto wako namuonaka sokoni kila Jumanne asubuhi." Nilikasirika. Nikamwita mvivu mbele ya mama yake. Hakujibu, akaenda kuleta daftari.

Somo lilikuwa la mji wetu. Tippu Tip na watu wake kufanya Kasongo makao yao. Msafara wa pembe na watumwa kupita Kabambare kwenda ziwa Tanganyika, mpaka Ujiji. Jeshi la Dhanis, mtu wa Mfalme Léopold II, kuingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Wangwana kutuachia Kiswahili, dini ya Kiislamu na kilimo cha mpunga. Chini yake swali: "Uliza mzee wa kwenu: jamaa yenu ilifika Kasongo namna gani, na kwa sababu gani?"

"Baba mudogo, nitauliza nani?" akasema. "Babu alibaki kule. Tena sisi hatukukuja na historia. Tulikuja mbio."

Nilikosa la kusema. Mimi ndiye ninayesoma kwenye redio hesabu ya familia zinazofika. Mtoto huyu alikuwa amelala kwangu miezi mine, na sikuwa nimemuuliza alipita njia gani.

Usiku ule, baada ya ugali na sombe, niliwasha taa ya simu. Mama yake alikuwa anamenya karanga za kuuza kesho. Nikamwambia mtoto: "Mzee wa kuuliza ni huyu." Shemeji akacheka kwanza, kisha akaanza kusema. Siku walizotembea. Sufuria waliyoacha porini kwa sababu ilikuwa inagonga na kufanya kelele. Mama mmoja asiyewajua, aliyewapa mahali pa kulala na mihogo ya njiani. Mtoto alikuwa anaandika tu.

Mama alipotaja Kabambare, kalamu ikasimama. Mtoto akarudisha kurasa nyuma mpaka kwenye ramani ya msafara aliyonakili ubaoni. Akaifuata kwa kidole.

"Mama, ni njia ileile. Wale walipelekwa kule, sisi tulikuja huku."

Shemeji hajui kusoma. Lakini aliangalia ule mstari muda mrefu.

Jumanne mtoto alienda darasani. Alipata 7 juu ya 10. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Vizuri. Mwaka uko wapi?" Jioni akamuuliza mama yake, wakahesabu pamoja kwa kufuata mavuno ya mpunga na umri wa mdogo wake, mpaka wakapata mwaka na mwezi. Sasa imeandikwa.

Ndugu zangu mnaopokea watoto wa waliohama, kabla ya kulala waulizeni wamepewa kazi gani. Mtoto anayekaa sokoni pengine amekosa mtu wa kumjibu. Na ninyi mliokimbia, msiseme hamjui historia. Mtoto akikuuliza mlipita wapi, mjibu, hata kama inauma.

Mimi nilimwomba yule mtoto msamaha. Jumanne hii kazi yake ni juu ya mto Lualaba, na tayari ameanza kunisumbua kwa maswali.