Plagi Nne na Nyaya Tano

Mchagua nazi hupata koroma, walisema wazee wetu. Kwa miaka mingi nilidhani methali hii inawahusu vijana wachelewao kuoa kwa kutafuta asiye na kasoro. Nilikuja kuielewa vingine usiku mmoja wa masika, katika barabara itokayo Chwaka kuelekea mjini, gari langu lilipozimika kabla hatujafika Dunga. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma, pumzi zimembana, dada yangu akimpepea kwa ncha ya kanga. Plagi zilizokuwa ndani ya injini ile hazikuwa zimetimiza wiki tatu, na zilikuwa za bei ya juu kabisa niliyoiona dukani.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, la toleo lililoanza kuundwa mwaka 1979, lenye kabureta na injini ndogo ya silinda nne. Nililirithi kwa marehemu ami yangu. Mwanzoni mwa mvua za mwaka ule lilianza kukohoa asubuhi, na likipanda kilima lilitetemeka mithili ya mwenye homa. Niliambiwa na kila mpita njia kwamba ni plagi. Nikenda duka moja la vipuri, na badala ya kutaja gari langu ni lipi, nikasema: "Nipe iliyo bora." Muuzaji alinipangia aina tatu juu ya meza: za kawaida zenye ncha ya nikeli, za platinamu, na za iridiumu. Nikeli huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,455 hivi, platinamu 1,768, na iridiumu hupita 2,400. Kwa hiyo ncha ya iridiumu yaweza kufanywa nyembamba kama sindano na bado ikadumu muda mrefu. Maelezo hayo yalikuwa kweli tupu. Nikanunua za iridiumu, nikazifunga, na zile kuukuu nikazitupa.

Usiku ule wa Dunga tuliokolewa na gari la samaki. Mama alifikishwa hospitali ameketi baina ya matenga ya dagaa, na kwa rehema za Mola akapata nafuu kabla ya alfajiri. Mimi nilibaki na aibu yangu na gari lililolowa.

Siku ya pili nililikokota hadi kwa fundi mmoja mzee. Hakugusa kitu. Aliniuliza kwanza: "Zile plagi kuukuu ziko wapi, mwanangu?"

"Nimezitupa, mzee."

"Basi umemfukuza shahidi kabla ya kesi."

Akanifahamisha kwamba plagi iliyotumika husomwa. Ikiwa na rangi ya hudhurungi iliyofifia, mwako ni mzuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi, cheche ni dhaifu, au plagi yenyewe ni baridi mno. Ikilowa mafuta, injini imechakaa ndani. Ikiwa nyeupe yenye malengelenge, joto limepindukia. Alizifungua zangu za iridiumu: zote nne zilikuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Akaniambia nirudi baada ya Isha.

Giza lilipoingia alifungua boneti, akawasha injini kwa taabu, akanyunyiza maji machache juu ya nyaya. Hapo nikaona ambalo mchana nisingeliliona: vicheche vya buluu vilitoka ubavuni mwa nyaya na kurukia chuma cha injini. Koili hupokea volti 12 za betri na kuzipandisha hadi zaidi ya 20,000. Umeme wa nguvu hiyo haufuati adabu. Hutafuta njia iliyo rahisi. Gamba la mpira likishapasuka kwa joto na uzee, na juu yake ukakaa unyevu wenye chumvi ya bahari yetu, njia rahisi si plagi tena. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hudai cheche 25 kwa sekunde. Nyingi katika hizo zilikuwa zikipotea njiani.

Lakini kwa nini hali ilizidi kuwa mbaya baada ya plagi mpya? Hilo ndilo lililoniuma. Plagi nilizonunua zilikuja na mwanya wa milimita 1.1 kwenye ncha, ilhali kitabu cha gari kilitaka 0.8. Kadiri mwanya unavyopanuka, ndivyo nguvu ya umeme inayohitajika kuuruka inavyokuwa kubwa, na ndivyo umeme unavyozidi kushawishika kupenya kwenye ufa. Aidha, kitabu kilitaka nambari 5 ya joto, nami nilipewa nambari 7. Kwa plagi za NGK, nambari ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Watengenezaji wengine wamewahi kuhesabu kinyume, kwa hiyo nambari ya mmoja haihamishwi kwa mwingine. Ncha isiyofikia nyuzi 450 hivi haiwezi kuunguza masizi yake yenyewe. Kwa hiyo zile nne, kwa ubora wao wote, zilijifukia katika masizi. Nilikuwa nimelipa ziada ili gari linizimikie.

Uchaguzi wa pili ulikwenda kwa kipimo. Tulinunua plagi za kawaida za nikeli zenye kiini cha shaba, nambari 5, na tukahakikisha unene na urefu wa skrubu yake, kwani iliyo ndefu kupita kiasi yaweza kugonga pistoni. Nyaya zilitakiwa tano: nne za plagi na moja itokayo kwenye koili. Zilikuwapo za shaba tupu na za kaboni. Tulichukua za kaboni, ambazo hupunguza kelele zinazoharibu sauti ya redio, zenye gamba la silikoni listahimililo joto, kila moja kwa urefu wa ile iliyoitangulia. Jumla ya bei haikufika ile niliyolipa mwanzo.

Fundi alinipa kazi niifanye mwenyewe, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda. Nilibadili waya mmoja mmoja, ili nisivuruge mpangilio wa mwako, ambao kwa injini hii ni 1-3-4-2. Nilivuta kwa kushika kikofia, si waya. Kila plagi niliipima mwanya, nikaiingiza kwa vidole mpaka ikagota, ndipo nikaikaza kwa spana nusu mzunguko na zaidi kidogo. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na skrubu ikipinda humo hasara yake ni kubwa.

Baada ya mwezi nilizifungua tena. Zilikuwa na rangi ya hudhurungi. Zile za iridiumu nilizisafisha, na zingali kabatini katika kopo. Si mbovu, zinangoja injini iliyo kiasi chake.

Masika yaliyofuata mama alitaka kwenda mjini kumtazama mjukuu. Alisimama barazani, akalitazama gari kwa muda.

"Mwanangu, ndilo lile lile?"

"Ndilo, mama."

Akapanda, safari hii kiti cha mbele. Tulipokaribia Dunga mvua ilikuwa imekolea, maji yakitiririka pande zote za barabara. Hakusema neno, wala mimi sikusema; sote wawili tulikuwa tukiisikiliza injini.