Viraka vya Baba

Bodi ya Land Rover haioti kutu. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, chuma nchini Uingereza kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, ilhali mabati ya alumini yalikuwa yanapatikana. Wahandisi wakaunda chasisi ya chuma, wakaifunika kwa alumini. Ndiyo maana ukipita leo nyuma ya nyumba za Biharamulo, Rulenge au Ngara mjini utakuta magari yaliyoegeshwa chini ya miti tangu enzi, madigadi yake bado mazima, rangi imefifia tu, utadhani kinachokosekana ni betri. Mpaka uiname. Kule chini, pale springi za nyuma zinaposhikilia, chasisi imeliwa hadi unaweza kuitoboa kwa bisibisi. Gari limekufa zamani, na sura yake haijasema.

La baba yangu lilikaa hivyo chini ya mparachichi, nyumbani kwetu Biharamulo, tangu akiwa hai hadi miaka mingi baada ya kumzika. Ni Series III ya 109, namba inayohesabu inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yenye injini ya petroli ya silinda nne. Alilinunua kwenye mnada wa mali chakavu za serikali katikati ya miaka ya themanini, likiwa tayari limechoka. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja kulibembeleza mara nyingi. Wanajua wanachokitaka: alumini ina bei kubwa kuliko chuma, na ikiyeyushwa inakuwa sufuria. Land Rover nyingi za wilaya hizi mbili, Biharamulo na Ngara, zimeishia jikoni kwa njia hiyo, wala siwezi kumlaumu aliyeuza, kwani ada ya shule haisubiri. Sisi hatukuuza. Nilipopata nafasi ya kukaa nyumbani nilivuta turubai, nikatandika magunia chini, nikaanza kufungua.

Kazi ya kulifufua gari la zamani huanza kwa kufungua, na kufungua kunahitaji spana za inchi. Nati za gari hili si za milimita. Spana namba kumi na mbili au kumi na tatu ambayo kila fundi wa Nyakanazi anayo mfukoni itashika vibaya, itateleza, itakula kingo za nati. Nilikuwa na sanduku la baba: nusu inchi, saba kwa kumi na sita, tisa kwa kumi na sita, nyingine zimekatwa na kuchomelewa upya ili zipinde kona. Spana hizo haziwezi kufungua Probox wala Noah wala pikipiki yoyote inayopita barabara hii. Zilibaki kwenye sanduku kwa sababu hakuna aliyezitaka hata kuziiba.

Nilitegemea kukuta kutu na uchafu. Nilichokuta ni baba.

Bushi za springi hazikuwa bushi. Zilikuwa vipande vya tairi kuukuu, vimechongwa kwa kisu vikawa duara, vimesukumizwa ndani kwa nyundo. Hozi ya redieta ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu uliokazwa na waya wa seng'enge. Kwenye sakafu, upande wa dereva, pale ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ulipooza, alikuwa ametia kiraka cha bati jembamba kwa ribiti, na juu yake tabaka la lami. Nilipoikwangua lami ile nikaona herufi za bluu na nyekundu, kisha neno USA. Lilikuwa kopo la mafuta ya kula.

Kwa mtu wa Ngara kopo lile halihitaji maelezo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, kwa muda wa takriban saa 24. Kasulo, mahali palipokuwa na kambi ya wajenzi wa barabara, pakageuka Benaco, mji wa turubai uliokuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa huu wa Kagera. Mto Kagera ulikuwa unaleta maiti. Chakula cha msaada kilikuja kwa malori, na makopo ya mafuta yakiisha yalipasuliwa, yakanyooshwa, yakawa milango, mapaa, vibatari, na sakafu ya gari la baba. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwishoni mwa 1996. Bati lao lilibaki chini ya kisigino cha baba likisafiri kati ya Biharamulo na Ngara kwa miaka mingine kadhaa.

Chini ya kiraka cha kopo palikuwa na cha zamani zaidi, cha ubao. Hicho ni cha enzi nyingine, na nikakishika kwa heshima ileile. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, mwaka uliofuata Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, vita ikaisha 1979 na kutuachia mkoa wenye jina jipya, maana kabla ya hapo ulikuwa Ziwa Magharibi, na nchi isiyo na fedha za kigeni. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka sabuni na sukari. Wenye magari wanakumbuka spea. Kama nati ilihitajika, ilitafutwa kwenye gari lililokufa. Kama gasketi ilihitajika, ilikatwa.

Gasketi ndiyo iliyonisimamisha kazi. Niliifungua nyumba ya kidhibiti joto, pale maji yanapotoka kwenye silinda hedi, nikaikwangua taratibu ili isichanike. Ilikuwa karatasi ngumu iliyolowa oili na kuiva. Nilipoipeleka kwenye mwanga nikaona safu za tarakimu. Lilikuwa jalada la nyuma la daftari la shule, lile lenye majedwali ya kuzidisha, na mduara ulikuwa umepita katikati ya safu ya saba na ya nane. Nyumba yetu ilikuwa na watoto wengi; daftari lile lingeweza kuwa la yeyote kati yetu, na kuna wawili ambao hawapo tena wa kuulizwa. Kuna mtoto aliyekwenda shule na daftari lisilo na jalada la nyuma ili gari liwake asubuhi.

Kwa hiyo nikawa na rundo. Bushi za tairi, bati la kopo, ubao, waya, ukanda wa tyubu, gasketi ya daftari, vyote nimevipanga juu ya gunia. Nikaelewa kwamba kila ninachokifanya kwa jina la kulifufua gari la baba ni kuondoa kazi ya mikono yake. Kitabu cha kiwanda kinanielekeza kulirudisha lilivyotoka kiwandani Solihull: bushi mpya, bati la kipimo kinachotakiwa, hozi, rangi ya kijani kizito. Lakini gari lililotoka Solihull baba hakuwahi kuliona. Yeye alilikuta chakavu na akaliweka hai kwa viraka, na viraka ndivyo sehemu pekee iliyokuwa yake. Nikimaliza vizuri kabisa, nitakuwa na gari safi la mtu nisiyemjua.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na giaboksi.

Najua wapo wanaoshughulika na magari haya kwa moyo. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, mengine yameng'arishwa hadi unaweza kujitazama kwenye boneti, na nilifurahi kuyaona, kwa sababu kila moja lilikuwa limeponea kwenye tanuri la sufuria. Sina neno baya juu ya kazi ile. Ila nilitazama picha zake nikijiuliza viraka vilikwenda wapi.

Mama ndiye aliyenisogeza. Alikuja na chai, akalitazama rundo langu juu ya gunia.

"Hivi unavipanga vya nini?"

"Ni kazi ya baba, mama. Sitaki kuitupa."

Alikaa kwenye kigoda, akakishika kipande cha tairi, akakigeuza. "Baba yako hakuipenda kazi hii hata kidogo, mwanangu. Hili gari lilimnyima usingizi. Saa nane za usiku mtu analia mlangoni, mke wake anajifungua vibaya, na yeye amelala hajui kama litawaka. Alikuwa anatengeneza kwa sababu kuna mtu anangoja."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemjengea baba penzi ambalo ni langu mimi. Mimi ndiye ninayepata utulivu nikisafisha kabureta. Yeye alisafisha kabureta akiwa na hofu, na tochi kinywani.

Nikaanza kulitazama gari upya, nikitafuta waliongoja. Sehemu ya nyuma ya 109 ni fupi kuliko jeneza la mtu mzima. Jeneza likiingia, mlango wa nyuma hushushwa, kamba ikapitishwa juu yake kutoka upande hadi upande. Kwenye kingo za mlango huo kuna mifereji miwili iliyolika, kulia na kushoto, mahali palepale. Kamba peke yake haili alumini kwa safari moja. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata vijana waliokwenda Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam kutafuta maisha walirudishwa vijijini kuzikwa. Lori la mizigo liliwafikisha hadi barabara kuu. Kutoka hapo kwenda milimani, wakati wa mvua, kwenye udongo ule mwekundu unaoteleza, lilihitajika gari lenye difu ya mbele. Zikaja na zile safari za msafara, magari yakipita porini na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Wagonjwa wa hospitali ya Murgwanza, maharusi, magunia ya maharage, ng'ombe wa mahari mara moja. Baba alipofariki Mwanza gari lake lilikuwa limeshalala chini ya mparachichi. Yeye aliyewafikisha wengi makwao alifikishwa na gari la kukodi, na dereva wake hakuijua njia, ikabidi aelekezwe kwa simu.

Hapo ndipo penye msiba wangu, na ilinichukua injini nzima kupafikia. Nilidhani nimepoteza gari, kisha nikadhani nimepoteza alama za mikono. Kilichoondoka kweli ni ile hali ya kutegemewa. Leo kuna lami, kuna michomoko, zile teksi ndogo za abiria, kila dakika, kuna bodaboda hadi mlangoni, na hilo ni jema; hakuna mama anayepaswa kujifungua huku mwanamume mmoja akizungusha hendeli gizani. Lakini ndilo linaloifanya kazi yangu kuwa ya mapumziko, na ya kwake haikuwa. Ninalo gari kwa sababu hakuna anayelihitaji.

Limeondoka pia sikio. Baba aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akatambua valvu ipi inapiga kelele. Fundi kijana niliyemwita alikuja na kompyuta yake ndogo, akatafuta mahali pa kuichomeka, akacheka kwa upole. Ni fundi mzuri, Toyota inamjibu. Nikaenda Ngara kwa mzee aliyewahi kuwa kwenye gereji pamoja na baba. Akapima mwanya wa pointi kwa kipande cha boksi la kiberiti, akaniambia unene wake ndio ule ule wa kitabuni. Nilipofika nyumbani nikapima kwa geji. Alikuwa sahihi.

Sasa kazi ina mwelekeo. Chasisi imechomelewa kwa chuma kipya kinene, bila huruma, kwa sababu barabara ya Nyakanazi inabeba malori ya Rwanda na Burundi na kumbukumbu haizuii lori. Bushi ni mpya. Bati la kopo nimelitoa, ubao nimeutoa. Gasketi mpya niliagiza, ikachelewa, basi nikakata mwenyewe. Nilinunua karatasi yake dukani, nikailaza juu ya chuma, nikagonga kingo kwa nyundo ndogo pole pole kuzunguka mduara hadi karatasi ikajikata yenyewe, bila mkasi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimemwona akigonga hivyo mara nyingi, nikiwa mtoto wa kushika taa, na mkono ulikuwa umejua muda wote huo. Maji hayavuji.

Injini inawaka. Inatoa moshi kidogo asubuhi, ringi zitashughulikiwa baadaye. Mama amekataa viti vya ngozi nilivyovitaka. Anataka turubai linalopangusika, maana anasema watu watapanda na kuku. Sikuwa nimesema kwamba watu watapanda. Shangazi wa Nyakahura ameshapiga simu, ana magunia ya mahindi juu ya mlima ambako michomoko haifiki mvua zikianza, na kila wiki anauliza siku. Ninachosubiri ni silinda mbili za breki za nyuma kutoka Nairobi. Nimemwambia angoje.