Igunga: Somo la injini chini ya Mlima Sekenke

Ukitoka Singida kwenda Nzega, barabara inafika ukingo wa Iramba, kisha inashuka Mlima Sekenke kwa kona kali hadi mbuga ya Wembere. Kwenye mteremko ule ukubwa wa injini haumsaidii dereva kama breki ni mbovu. Ukivuka mbuga unaingia Igunga, wilaya ya pamba na mpunga mkoani Tabora. Malori ya Rwanda na Kongo hupita hapa, na mafundi hawakosi kazi.

Nilipita hapo na kijana wangu wa kidato cha pili, mpenzi wa magari ya zamani ya mashindano. Tukasimama kwenye gereji moja ambapo injini ya lori ilikuwa imefunguliwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kijana akamwonyesha kwenye simu picha ya Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, kisha 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Akauliza: injini yake ya lita 2.4 inaweza kuongezwa?

"Inaweza," fundi akasema. "Lakini piga hesabu kwanza. Silinda ni mche duara. Shuleni hamkufundishwa?"

Basi wakapiga hesabu. Injini ile ina silinda sita, kila moja ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Jumla ni sisi 2,393. Ukichonga silinda na kuongeza kipenyo kwa milimita moja, unapata sisi 58 tu zaidi. Ukibadilisha krenkishafti ili pistoni isafiri milimita 79, bila kugusa kipenyo, unafika sisi 2,565. Ukiweka vyote viwili, kipenyo cha 86 na safari ya 79, unapata 2,753, yaani lita 2.8.

Kijana alifurahi. Fundi akaweka spana chini.

"Sasa niambie, ukuta wa silinda umebaki na unene gani? Ukiwa mwembamba unapasuka. Joto limeongezeka, je, rejeta inatosha? Kabureta inaleta mafuta ya kutosha? Na gari likienda kasi zaidi, breki ni zile zile?"

Kijana hakuwa na jibu, akaanza kuandika maswali.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo walilijua jambo hili. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, kwa sababu safari ilikuwa ya miezi na mbebaji alipaswa kufika. Nguvu ya siku moja haikuwa na maana.

Mzazi mwenzangu, wengi wetu hatuna Datsun ya mashindano, ila tuna pikipiki inayolisha familia, na kijana anayetaka kuichonga silinda ili iwe na nguvu. Usimkatalie kwa ukali. Mpe karatasi na kalamu, akupigie hesabu ya ujazo, kisha akueleze habari za ukuta, joto, oili na breki. Akishindwa swali moja, mpeleke kwa fundi akajifunze kabla hajafungua injini. Akiyajibu yote, basi fedha ya kwanza iende kwenye breki.