Jani la Kijani Kwenye Tovuti, Ngitili Shinyanga

Wilayani Kishapu jua halina huruma, na sasa limepata kazi. Katika kijiji cha Ngunga, TANESCO ina mradi wa umeme jua wa megawati 50 kwa awamu ya kwanza, 150 ukikamilika wote. Umeme ukishaingia gridi ya Taifa huchanganyika: wa jua, wa maji ya Rufiji, wa gesi ya Mtwara. Ukiwasha taa huwezi kuchagua upi ukufikie.

Nililikumbuka hilo baada ya kuvuka Kigongo–Busisi na kufika Geita, kwa rafiki yangu mwenye duka la dawa. Anataka tovuti, wateja wajue dawa zilizopo kabla ya kupanda bodaboda. Kampuni moja ya Ulaya ilimtumia bei ya kuihifadhi, pamoja na picha ya jani na maneno "nishati safi asilimia 100".

"Wewe mtu wa afya, hili jani lina maana gani?"

Tovuti hukaa kwenye seva, mashine isiyolala. Inakula umeme, kisha inahitaji umeme mwingine wa kuipoza. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa mwaka 2024 vituo vya data vilitumia terawati-saa 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote duniani. Na ile "asilimia 100" mara nyingi ni vyeti. Mwenye mitambo ya jua au upepo hupata cheti kwa kila megawati-saa anayozalisha, na anaweza kukiuza peke yake, mbali na umeme wenyewe. Hivyo seva inaweza kutumia umeme wa makaa ya mawe usiku wa manane, ikajivunia jua la mchana wa kwingine. Ni halali. Ila mteja anaposoma jani lile haelewi hivyo.

Nyingine huahidi kupanda miti. Hapo Shinyanga ina haki ya kuuliza maswali. Enzi za ukoloni vichaka vilifyekwa huku kwa jina la afya, kufukuza mbung'o, na kilimo na mifugo vikaendeleza ukame. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikategemea desturi ya Wasukuma ya ngitili: malisho yanafungwa wakati wa mvua, yanafunguliwa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti. Ngitili unapelekwa ukaione. Unaonyeshwa mpaka wake, na unaambiwa nani alitozwa faini kwa kuingiza ng'ombe kabla ya wakati.

Tukaiandikia kampuni: seva iko mji gani, usiku inatumia umeme gani? Jibu lilikuja na jani lilelile, kubwa zaidi. Rafiki yangu amechagua wengine, wasio na jani, waliotaja mji na chanzo cha umeme wao.

Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa barazani kwake. Umeme ukikatika huwasha jenereta ya petroli ili friji ya insulini isipate joto, na moshi unaingia dirishani, chumba anacholala mtoto. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Jioni ileile tuliihamishia nyuma ya ukuta wa uani, mbali na madirisha yote, tukamnunulia mita 20 za waya.