INTANETI NA USOMAJI WA VIJANA WETU



Hatukushika kalamu kuiharamisha intaneti. Sisi walimu tunaitumia, na imetuletea hadi kwenye simu vitabu ambavyo zamani tulivisikia kwa majina tu. Tunalotaka kusema ni kwamba mwenye kutafuta kwenye simu hupewa mstari, na mwenye kufungua kitabu hupewa mstari pamoja na majirani zake. Suratul Maun tunaijua sote. Aya ya 4 ikikatwa peke yake inawatishia wanaosali. Mpaka ufike ya 5 ndipo unajua ni wanaosali wa namna gani.

Mwaka huu tuliwaagiza wanafunzi wa darasa la juu watuletee Hadithi juu ya ubora wa elimu. Wengi walirudi kesho yake tu, wakiwa na ile ya kutafuta elimu hata China. Tukawauliza, nani ameipokea? Wakajibu kuwa iko kila mahali. Naam, iko kila mahali! Lakini Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliitia katika kitabu chake cha Hadithi za kuzuliwa. Google ilipoanza mwaka 1998 ilipanga kurasa kwa kutazama ni kurasa ngapi nyingine zinazoielekea kila moja. Hiyo ni hesabu ya umaarufu, si isnadi.

Binti mmoja, ambaye kwao hawana simu ya intaneti, alichelewa siku tatu. Alifungua Riyadhus Salihin ya Imam Nawawi akausoma mlango wa elimu wote. Alileta Hadithi mbili tu, na swali: kwa nini baada ya elimu Imam ameweka kitabu cha kumhimidi Allah na kumshukuru? Swali hilo hakulitafuta. Alilikuta alipogeuza ukurasa.

Wazazi wetu, hili linatutia hofu kuliko zile picha mbaya zinazolalamikiwa kila mwaka. Mtoto anayepewa jibu kabla hajakaa na swali, la pili ataliuliza lini?

Muhula ujao, Inshaallah, kazi ya Hadithi itafanyika msikitini baada ya Alasiri, vitabu vikiwa mbele yetu, na kila mmoja ataeleza kilichotangulia na kilichofuata. Swali la yule binti bado linazungumzwa darasani. Wenzake wameshaleta majibu matatu, na hayafanani.