Mwenye Shida Hanunui, Huuziwa

Tunduma ni mji wa matairi. Malori yanayokwenda Zambia na Congo hupanga foleni kuelekea mpakani, na lori moja lenye trela huweza kuwa na matairi 22. Pembeni mwa foleni wamekaa mafundi pancha, na nyuma yao wauza matairi, mapya kwa ya mtumba. Nimeishi katikati ya hayo yote, nikaamini kwamba kununua tairi si jambo la kufundishwa. Ilinibidi nifundishwe, tena barabarani, mama yangu akiwa kiti cha pembeni.

Mama anaishi Vwawa, mkoani Songwe. Songwe ilitengwa na Mbeya ikawa mkoa mwaka 2016, lakini kliniki ya mama ilibaki Hospitali ya Rufaa Mbeya, na nilikuwa nimemwahidi kumpeleka siku ya Jumatatu. Matairi ya mbele ya gari langu yalikuwa vipara kwa miezi mitatu. Kila asubuhi niliyatazama, nikasema mwezi ujao. Jumapili jioni, giza likiingia, nikasimama mbele ya muuzaji mmoja nikiwa na shilingi 120,000 mfukoni na safari ya kesho kichwani. Akanitolea matairi mawili ya mtumba, meusi, yanang'aa, kashata zake, yale meno ya tairi, ndefu. "Haya hayajatembea, bosi," akasema. Nililipa, yakafungwa, nikaondoka. Sikuuliza swali hata moja.

Asubuhi, tukiteremka mlima Senjele, tairi la mbele kushoto likapasuka. Usukani ulivutwa kuelekea ukingoni. Niliushika kwa mikono miwili, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha gari lipungue mwendo, kisha nikagusa breki kidogo kidogo mpaka likasimama kwenye majani. Mama alikuwa ameikunja kanga yake kifuani kwa ngumi mbili. Hakusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko lawama.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu akasimama. Akamwamkia mama, akachukua jeki, na kabla sijamaliza kulegeza nati za gurudumu akawa anazunguka gari langu na kipande cha chuma, akigonga tairi moja baada ya jingine. Mama akamuuliza anatafuta nini. "Nasikiliza, mama. Lenye upepo wa kutosha hukirudisha chuma. Lililopungua hukimeza." Alipofika mbele kulia aliinama, akapitisha ukucha kwenye mashina ya kashata. Chini ya ile rangi nyeusi kulikuwa na nyufa nyembamba, mithili ya udongo wa jaruba lililokauka. "Mdogo wangu, na hili limezeeka. Limepakwa dawa ya kung'arisha tu. Nenda taratibu, na ukifika Mbeya litoe."

Niliporudi Tunduma nilimpelekea tairi lile fundi pancha mmoja mzee. Akalilaza chini, akafuta upande uliokuwa umegeuziwa ndani, chini ya gari, akanionyesha herufi DOT na tarakimu nne mwishoni mwa mstari: 2313. Maana yake, wiki ya 23 ya mwaka 2013. Tarehe hiyo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Ukilifunga kwa kugeuza, mwenye gari haioni mpaka aingie uvunguni.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba huenda muuzaji wangu hakusema uongo. Yawezekana matairi yale kweli hayakuwa yametembea sana. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Jua, joto na hewa huufanya mgumu, na ugumu huo hauonekani kwa kutazama kashata.

Siku hiyo mzee alinisomesha ubavu wa tairi jinsi mtoto anavyosomeshwa irabu. Kwenye tairi la gari langu imeandikwa 185/70R14 88. Ile 185 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Na 88 ni alama ya uzito, yaani tairi moja hubeba hadi kilo 560. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo: kashata ikishuka ikalingana navyo, imebaki milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Akaniambia pia nichague duka linaloweka matairi ndani, kwenye kivuli. Yakishalala juani kando ya barabara, yameanza kuzeeka kabla ya kununuliwa. Nidai risiti. Matairi ya ekseli moja yafanane. Nikiwa na pesa ya mawili tu, yaliyo mapya yafungwe nyuma, ili gari lisiteleze mkia kwenye lami yenye maji. Na upepo nipime tairi likiwa bado la baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Yote hayo ningeweza kuyajua ile Jumapili kwa kuuliza tu. Kilichonizuia ni kwamba nilikwenda dukani nikiwa nimeshachelewa. Aliyechelewa haulizi, maana anaogopa jibu litakalomrudisha nyumbani mikono mitupu. Tairi jipya lilikuwa karibu mara mbili ya bei niliyolipa, na pesa hiyo ningeipata kwa ile miezi mitatu niliyoipoteza nikisema mwezi ujao. Mwenye shida hanunui, huuziwa.

Tangu hapo nimeiona kanuni hiyo kila mahali hapa kwetu. Mkulima wa Mbozi anayeuza kahawa ikingali mtini kwa sababu ada ya shule imemfika shingoni, huuza kwa bei ya mwingine. Anayetafuta bati mvua ikishaanza, huchukua bati lolote lililopo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami naongeza kwamba ukuta huo utaujenga kwa matofali utakayoletewa, bila kuyachagua.

Nimekuwa nikitazama pia mambo yangu yaliyosimama muda mrefu: urafiki ambao sijaupigia simu, deni ambalo halijadaiwa, ahadi niliyoitoa nikainyamazia. Nilizoea kujifariji kwamba hayana shida kwa kuwa hayajaguswa. Sasa najua hayo nayo yanazeeka kama matairi yale, na siku nitakapoyapa mzigo ndipo yatakaponionyesha nyufa zake.

Kwa hiyo kila mwezi natia shilingi 20,000 kwenye kibubu cha matairi, iwe yanahitajika au hayahitajiki. Mara ya mwisho niliponunua, nilikwenda asubuhi ya siku isiyo na safari. Nilisoma tarehe za matairi sita kabla ya kuchukua mawili, na yale ya kwanza niliyoonyeshwa niliyarudisha bila wasiwasi, kwa sababu ningeweza kurudi kesho.

Mama bado anakwenda kliniki. Nikifika Vwawa kumchukua, hakimbilii mlango. Huzunguka gari taratibu, mkongojo mkononi, akigonga tairi moja baada ya jingine na kutega sikio. Mimi husimama pembeni na kumsubiri. Akimaliza la nne hunitazama na kusema, "Haya mwanangu, twende."