Maharage ya milimani na barafu ya Mpemba

Kazimia, Fizi. Ndugu wasomaji, na ninyi mnaosomewa habari hizi chini ya miembe, leo sina habari ya barabara wala ya bei ya ndagala. Leo nataka kuungama kosa langu mwenyewe.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mbali na kukusanya habari, mimi hufundisha pia fizike saa chache kila juma. Wengi katika darasa langu ni watoto wa familia zilizokimbia vita. Majuma matatu yaliyopita tulikuwa kwenye somo la joto. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye jamaa yake ilishuka kutoka milimani upande wa Itombwe na sasa inakaa kwa wenyeji hapa, akainua mkono.

"Mwalimu, kwa nini huku ziwani maharage yanaiva upesi? Kule juu mama alikuwa anayateleka asubuhi, tunakula jua likizama. Na ni maharage yale yale, tulishuka nayo."

Darasa likacheka. Mimi nami nikacheka. Nikamwambia hilo amuulize mama jikoni, hapa tuko kwenye fizike. Kesho yake hakuja shule. Kesho kutwa vilevile.

Usiku wa siku ya tatu usingizi ulinikataa, maana nilimkumbuka Erasto Mpemba. Habari zake nilizisikia ng'ambo ya ziwa, nilipokuwa mkimbizi kambini Nyarugusu, kama wengi wenu. Nilizipenda sana wakati ule. Ajabu ni kwamba nilizisahau siku ile ile nilipozihitaji.

Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, katika nchi ambayo mwaka 1963 ilikuwa bado inaitwa Tanganyika, jina moja na ziwa letu. Wanafunzi pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa karibu kwisha. Mwenzake akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaogopa kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua. Ya moto yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji uji.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizike. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizike ya Mpemba, si ile ya dunia nzima. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimtupia maneno hayo. Nayajua hayo maneno. Yangu ya "muulize mama jikoni" ni ndugu yao wa tumbo moja.

Lakini Mpemba hakuacha. Alijaribu mwenyewe kwa maji, kisha siku moja akaja mgeni, Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbele ya wote kijana akasimama na kuuliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, vyombo sawa, vikiwekwa pamoja kwenye friji, mbona ya nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne aliahidi kwamba atajaribu, na alijaribu kweli. Mwaka 1969 wote wawili waliandika pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo jambo hilo duniani linaitwa kwa jina la Mpemba. Wataalamu bado wanabishana: wengine wamelipima upya na hawakuliona, wengine wameliona. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea utunzaji wa wanyamapori na kufanya kazi hiyo.

Hayuko peke yake. Raman, Mhindi, mwaka 1921 alikuwa safarini melini, akajiuliza kwa nini bahari ni ya buluu. Swali la mtoto, mtasema. Kazi iliyozaliwa na swali hilo ilimpatia Nobel mwaka 1930. Kwetu Kongo, Kinshasa ilipata mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika mwaka 1959, na baadaye Malu wa Kalenga, Mkongomani, akakiongoza kituo hicho kwa miaka mingi. Na Januari 2002, kabla Nyiragongo haijamwaga moto juu ya mji wa Goma, Dieudonné Wafula alikuwa ameisoma mitetemeko ya ardhi kwa mashine chache mno alizokuwa nazo, akaonya. Majina haya siyaoni katika kitabu ninachofundishia. Nimeanza kuyaandika kwa kalamu kwenye jalada lake la ndani.

Sasa turudi kwenye maharage, maana swali la yule mtoto lilikuwa sahihi kuliko ubao wangu. Nyuzi 100 ni za pwani, kwenye usawa wa bahari. Hewa ina uzito, nao unayagandamiza maji yasigeuke mvuke haraka. Ukipanda mlima, hewa iliyo juu yako inapungua, na maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Hapa ziwani, karibu mita 770, yanachemka kwa nyuzi 97 hivi. Mita 2,500 kule juu, yanachemka karibu na nyuzi 92. Hata ukiongeza kuni, maji hayapandi zaidi ya hapo. Yanatokota tu na kukauka. Ndiyo sababu maharage yanachelewa.

Jumapili nilikwenda kwao. Niliomba msamaha mbele ya mama yake, nikaeleza haya yote nikiwa nimekaa juu ya kidumu. Mama aliguna. "Mwalimu, kuni zote zile nilizobeba mgongoni! Na mkwe wangu alikuwa anasema mimi ndiye sijui kupika."

Binti alikuwa kimya, akichora chini kwa kijiti. Kisha akauliza: "Sasa nikifunika sufuria, niweke na jiwe juu yake ili mvuke usitoke, si ni kama kuongeza ule uzito wa hewa?"

Safari hii sikucheka, wala sikujibu. Jumatatu alikuwa darasani. Tumepatana kujaribu Jumamosi, sufuria mbili, moja na jiwe dogo na nyingine bila jiwe, saa yangu ikiwa mkononi mwake. Mama amekubali kutoa mafiga. Maharage, amesema, atanunua mwalimu.